Umekwenda Ziwani na Mama Yako

Kabula wangu,

Mmetoka sasa hivi. Nimewasindikiza mpaka kwenye kona, pale njia inapoanza kuteremka kati ya mawe, nikasimama hadi gauni lako la njano likapotea. Ulikuwa umemshika mama yako kidole kimoja tu, si mkono mzima, kama unavyomshika mtu ambaye bado unamchunguza. Hukugeuka. Nilitaka ugeuke, halafu nikashukuru kwamba hukugeuka, maana ningewafuata.

Ndiyo maana nimekaa mezani kuandika. Mikono ikiwa na kazi, labda miguu nayo itatulia. Kesho alfajiri mnapanda basi kwenda Njombe, wewe na mama yako Ester, na mimi nabaki. Una miaka mitatu na miezi yake. Hujui kusoma, jina lako nikiliandika kwa chaki ukutani unaniambia nimechora nyoka. Kwa hiyo barua hii namwandikia mtu utakayekuwa baadaye, mtu ambaye huenda nisimjue vizuri. Nimemwomba mama yako akutunzie. Nimemwambia aisome yeye kwanza, na kama kuna mahali panamuumiza anisamehe, lakini asipafute.

Mambo ya kila siku siandiki. Uji wako unavyopenda uwe, kinachokutisha bafuni, upande unaolalia, hayo nimemweleza kwa mdomo jana na leo asubuhi, mpaka nikaona namchosha. Mengine atayagundua mwenyewe, kama nilivyoyagundua mimi. Nataka kukuambia yale ambayo watu watakusimulia nusunusu.

Mimi sikukuzaa. Labda unaposoma hapa umeshalijua hilo zamani, na umeshalizoea. Ester ndiye aliyekuzaa. Ester ni mdogo wake Masanja, mume wangu, yule unayemwita Baba ingawa kwa haki ni mjomba wako. Masanja ni askari. Wakati ananioa, mama yangu aliniuliza, "Tabitha, unajua kwamba utakuwa unaishi na simu?" Nikacheka. Nilikuwa binti wa Majita niliyekulia kwenye nyavu na mihogo, nikaona kuolewa na mwanaume mwenye mshahara na viatu vinavyong'aa ni heri tupu. Tukaja kupanga hapa Bwiru, Mwanza, mlimani, nyuma yetu mawe makubwa kuliko nyumba, mbele yetu ziwa. Nikawa mama wa nyumbani. Nilipika, nilifua, nilisubiri.

Ester alikuja kukaa nasi akiwa na mimba yako. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, na kijana aliyempa ile mimba alishabadilisha namba ya simu. Wazazi wao walikuwa wamefariki, kaka yake ndiye aliyebaki kuwa kila kitu. Masanja hakumfokea. Alimwambia tu, "Utajifungulia hapa. Wifi yako yupo." Baada ya muda mfupi akapangiwa kwenda nje ya nchi kulinda amani, tukabaki wanawake wawili na tumbo moja.

Tulipendana, Kabula. Watu hawaamini mawifi wanaweza kupendana hivyo. Aliniambia habari za chuo, mimi nikamfundisha kupika sato kwa namna ya kwetu. Alijua kwamba nilishapoteza mimba mbili, ya pili Masanja akiwa porini kwenye mazoezi, na hakuniambia pole za mdomoni. Ukianza kucheza tumboni alikuwa ananiita, "Wifi, njoo haraka, ameamka," naacha sufuria jikoni nakimbilia kuweka mkono. Kwa hiyo hata kabla hujazaliwa ulikuwa unajua uzito wa kiganja changu.

Ulizaliwa mvua ikinyesha mpaka barabara ya kwenda hospitali ikawa mto. Masanja akasema kwenye simu uitwe Kabula, kama Wasukuma wanavyowaita wasichana waliokuja na mvua.

Sasa nafika mahali pagumu. Soma taratibu.

Ulipokuwa na majuma machache tu, mama yako aliacha kulala. Akawa anakaa kitandani amekupakata, anaangalia ukuta. Ulilia, hakusikia. Siku nyingine alikunyonyesha vizuri, akacheka na mimi, nikajiambia imepita. Kisha siku moja, nimebeba beseni la nguo, akaniuliza, "Wifi, huyu mtoto ni wa nani?"

Nikamwambia, "Wako, wa nani mwingine?"

"Hapana," akasema. "Wamembadilisha."

Nikadhani ni utani wa mtu aliyechoka. Nikatoka kwenda kuanika nguo.

Nimeanika nguo mara nyingi sana tangu siku ile, na kila nikishika kibanio nasikia lile neno. Wamembadilisha. Jirani yetu Mama Zawadi alisema ni uchovu wa uzazi, nimpikie mtori. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa. Mimi nilipika mtori. Masanja alipopiga simu nilimwambia wote wazima, kwa sababu nilidhani mke mzuri wa askari ni yule asiyempelekea mumewe matatizo kule aliko. Nikajisifu hata. Nikasema moyoni, ona navyomudu.

Asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda chake kitupu na mlango wazi. Nilishuka kati ya mawe bila viatu. Kule chini, ufukweni, kuna akina mama wanaoanika dagaa, nao walikuwa wamesimama wote, macho majini. Mmoja wao alikuwa ameingia majini na nguo zake. Mbele yake alikuwa Ester, maji yamemfika kifuani, amekuinua wewe juu kwa mikono miwili, kanga uliyofungwa inachuruzika maji.

Yule mama alikuwa anaongea polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. "Nipe nimshike kidogo, dada. Umechoka. Nimshike tu, utamchukua tena." Alirudia hivyo hivyo, hakupaza sauti, hakumsogelea kwa haraka. Na mama yako akamgeukia, akampa.

Akampa, Kabula. Shika neno hilo. Mtaani watakuambia mama yako alikupeleka ziwani. Ni kweli, alikupeleka. Lakini hakuna anayesimulia kwamba muda wote ule alikuinua juu ya maji, na kwamba alipoombwa, alikutoa. Mimi nilikuwepo. Niliona mikono yake ilivyokuwa inatetemeka kwa kukushikilia. Ugonjwa ulikuwa umemchukua akili yote, ikabaki ile mikono, na mikono ikakataa.

Alilazwa. Muuguzi mmoja alinikalisha kwenye benchi akanieleza kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine, huwapata baadhi ya wanawake wakishajifungua, na unatibika. "Mngemleta mapema isingefika huku," akasema. Hakuwa ananilaumu, alikuwa anajaza karatasi zake. Niliinama nikakuangalia mapajani mwangu, nikalia mpaka nikakulowesha.

Kama siku moja utazaa, na ukaona dunia imebadilika rangi, mwambie mtu. Usiwaze kwamba watakuona mvivu au mwendawazimu. Mwambie mumeo, mwambie muuguzi, nipigie mimi. Na kama si wewe, ni mwingine, dada au shoga yako, akakuambia neno la ajabu, weka beseni chini umsikilize. Hilo ndilo ninalojua mimi kuliko wengi, na nililipata kwa bei mbaya.

Mama yako alipona polepole. Shangazi yao kule Misungwi alimchukua akae naye. Siku anaondoka nilikupeleka kumuaga, nikataka kumpa akushike. Akarudi nyuma. "Kaa naye, wifi," akasema. "Bado siiamini mikono yangu." Alikubusu unyayo tu, akapanda gari.

Basi ndivyo nilivyokuwa mama.

Sijui nikuelezeje maisha yetu hapa ndani. Ukiyasimulia hayana kitu. Unaamka kabla ya jogoo wa Mama Zawadi, unanifungua macho kwa vidole. Tunakunywa uji, nusu unaingia tumboni, nusu kwenye nywele. Nafua, wewe unafua upya nilivyokwisha kufua. Umeme unakatika, unapiga makofi kwa sababu unajua tutakaa nje. Unawapanga kuku mstari, unawaamrisha, "Mguu sawa!" na kuku mmoja akitoka unamkimbiza mpaka unaanguka. Kila mtu mwenye nguo ya kijani unampigia saluti, hata mama muuza mchicha. Unasema "nataka kura," na nikikuambia ni "kula" unasema ndiyo, kura. Siku nzima nasema usiguse, shuka, tema, njoo hapa. Jioni nikikuogesha naona nimechoka kama niliyelima, na nikijiuliza nimefanya nini tangu asubuhi, sina cha kuonyesha.

Kulikuwa na miezi ambayo sikuongea na mtu mzima zaidi ya muuza maji. Nilikuwa naongea na wewe. Nilikuambia bei ya nyanya, nikakuambia hofu zangu. Ulikuwa unaitikia "eeh" kama mzee wa kanisa.

Na Baba alikuwa kwenye simu. Hapo nilikosea bila kujua. Kila akipiga nilikuonyesha kioo nikasema, "Baba huyu hapa," nawe ukambusu, ukampa uji, ukamfunika kwa kitambaa alale. Alipopewa likizo, tayari ulikuwa unatembea na kusema maneno mengi. Nikakuvalisha vizuri. Masanja akaingia na begi lake kubwa, akapiga magoti sebuleni akakunyooshea mikono. Ulipiga yowe. Ulijificha nyuma ya miguu yangu, ukakaribia kunivua kanga.

"Kabula, ni Baba," nikakuambia.

"Hapana," ukasema, ukaionyesha simu mezani. "Baba yumo."

Niliuona uso wa Masanja. Huyu ni mtu aliyekaa mahali panapopigwa risasi, na sikuwahi kumwona vile. Akanyanyuka, akatoka nje. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikwenda kusimama nyuma ya nyumba akapiga simu. Ikaita mezani. Nikakupa, ukamwona.

"Baba!" ukamwambia kwa siri, mkono mdomoni. "Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mkubwa. Yuko nje."

"Mwambie aingie," akasema. "Ni rafiki yangu."

Ukaenda mwenyewe mlangoni, umeishika simu, ukamfungulia. Akasimama pale na simu yake mkononi, nawe na yako, ukamwangalia yeye, ukaangalia kioo, ukamwangalia tena. Kisha ukamshika suruali. Siku zote za likizo hakutaka kwenda popote. Mlishinda kwenye mawe huko nyuma, yeye jiwe moja, wewe jiwe lingine, mnapigiana simu kwa viganja.

Nakusimulia hili kwa sababu kuanzia kesho na mimi nitakuwa mtu wa kwenye simu. Utanibusu kwenye kioo, kisha utanizoea humo, na siku nikija Njombe huenda ukajificha nyuma ya miguu ya mama yako. Usijilaumu kwa hilo ukija kuambiwa. Mtoto anampenda aliye karibu, ndivyo anavyopaswa kufanya. Nitasimama nje nipige.

Kuna siku nyingine ambayo sitaki uisikie kwa mtu yeyote ila mimi, ingawa hakuna aliyeiona. Masanja alikuwa amesharudi kazini. Redio ikasema kumetokea mapigano kule waliko, askari wameumia. Nikapiga simu yake, haipatikani. Kesho yake haipatikani. Nilikuwa nazunguka ndani nimeshika simu, na wewe ukavuta kopo la maziwa ya unga ukalimwaga lote sakafuni, ukakaa katikati unapiga makofi, vumbi jeupe linaruka. Nilivua kandambili nikakupiga nayo. Si kofi la kumwonya mtoto. Nilikupiga kama mtu anayepigana. Niliacha niliposikia sauti yangu mwenyewe.

Hukukimbia. Ulinitazama, umeshangaa, kisha ukanifuata pale nilipokuwa nimekaa chini, ukanipapasa shavu kwa mkono wenye maziwa. "Pole, Mama," ukasema. Ulidhani ni mimi niliyeumia. Masanja alipiga siku ya pili yake, mzima, akauliza Kabula yuko wapi, nikamwambia anacheza.

Sina ushauri mkubwa hapo. Ni kwamba hofu ikikosa pa kwenda inamshukia aliye karibu na mdogo kuliko wewe. Nimeiona ikitoka mkononi mwangu. Ukijikuta umeinua mkono, jiulize unampiga nani.

Mama yako alianza kuja kukuona. Mara ya kwanza alikuletea viatu vyekundu vyenye vifungo, vizuri, vidogo mno. Havikupita hata vidole. Alikuwa amenunua vya yule mtoto aliyemwacha. Alivigeuzageuza mkononi akacheka, "Jamani, nimemsahau kukua," kisha akaomba kwenda chooni akakaa huko muda mrefu. Nami, Kabula, badala ya kumwonea huruma nilifurahi. Nilifurahi kwamba mimi najua namba ya mguu wako na yeye hajui. Kila alipokushika nilikaa jirani kama mlinzi wa geti. Nikikuona unamchekea nilikumbuka ghafla kwamba ni saa ya kuoga. Alikuwa anaona. Hakuwahi kusema. Aliaga mapema, akasema ana usafiri.

Alipata kazi Njombe, akaolewa na mwalimu wa huko. Alimweleza yote kabla ya ndoa, hata la ziwani. Yule mwalimu akamwambia, "Basi mtoto aje nyumbani." Sijakutana naye bado, lakini mtu aliyetamka hivyo nimeshamheshimu.

Ester aliniomba kwa unyonge mkubwa. Hakusema "mwanangu." Alisema, "Wifi, nilikuwa naomba tuzungumze kuhusu Kabula." Nikakata simu. Nikampigia Masanja, nikamwambia mdogo wako amepata mume sasa anataka kuninyang'anya mtoto, mwambie wewe, wewe ndiye mkubwa.

"Tabitha," akasema. "Mtoto ana mama yake."

"Na mimi ni nani?"

"Mke wangu."

"Sikuulizi kwako. Kwa Kabula. Mimi ni nani?"

Nikamsikia anavuta pumzi kwa shida, nikajua analia, na anaficha kwa sababu kuna wenzake karibu. "Mimi huko nyumbani nimekaa naye likizo moja," akasema. "Wewe umekaa naye kila siku. Nikisema atoke nakukata mkono. Nikisema abaki namuua Ester mara ya pili. Unataka niseme nini?"

Sikujua. Nilikaa na hasira majuma mengi. Nilitafuta sababu. Nilisema atarudiwa na ugonjwa, nilisema Njombe ni baridi, nilisema mume si baba. Zote zilikuwa na ukweli kidogo, na zote nilizitafuta kwanza halafu ndipo nikaziamini. Kilichonishinda ni yale maneno ya benchi la hospitali. Mama yako aliwahi kuniuliza swali la kweli kabisa na mimi nikaenda kuanika nguo. Safari hii ameniuliza tena, kwa akili timamu, huyu mtoto ni wa nani. Ningemjibu nini tofauti na nilivyomjibu siku ile?

Kwa hiyo nikampigia. Nikamwambia, "Njoo umchukue."

Alifika juzi. Mara hii viatu vinakutosha, alinipigia kwanza kuuliza. Na leo, tukiwa tunaosha vyombo vya mchana, akasema bila kuniangalia, "Wifi, naomba nimpeleke ziwani. Mimi na yeye tu."

Sahani ilinitoka. Haikuvunjika, ni ya bati. "Kwa nini huko?" nikamuuliza. "Mwanza nzima hii."

"Nisipokwenda leo nitayaogopa maji maisha yangu yote," akasema. "Naye atayaogopa kwa ajili yangu. Twende wote kama unataka. Sitakasirika, wifi. Ni haki yako."

Alikuwa ananipa nafasi. Ningesema tu haya, ngoja nivae viatu. Nilikuangalia pale mlangoni unavyomsemesha kuku. Nikafikiri: nikiwafuata leo, nitakuwa nimemwambia Ester kwamba simwamini, na kesho nitampandisha basi na wewe huku sote tunajua hivyo. Mama asiyeaminiwa anamlea vipi mtoto? Nikafuta mikono, nikakuvalisha gauni la njano, kwa sababu linaonekana kutoka mbali. Uone nami sikuwa jasiri sana.

Jua limeanza kushuka upande wa pili. Nimekwenda dirishani na kurudi, sikuhesabu. Nimechemsha chai, imepoa. Kuna mashua za wavuvi, kuna watoto wanaoga, sauti zao zinafika hapa juu, na nazichuja moja moja kutafuta yako. Naandika haraka sasa. Nataka nikuambie kwamba usije ukamwadhibu mama yako kwa mwanzo wenu. Nataka nikuambie kwamba hukuachwa na mtu, ulipokezanwa, na kila aliyekushika alikushika kwa nguvu zote alizokuwa nazo siku ile. Nataka nikuambie

*

Mmerudi. Niliacha pale pale, hata nukta sikuweka. Sasa umeshalala, umemlalia mama yako mkono, na amekataa kuutoa ingawa umekufa ganzi. Ngoja nikuambie kilichotokea, kwa sababu ni lazima ukijue.

Nilikusikia kabla sijakuona. Ulikuwa umejikwaa pale uwanjani, ukaanguka kifudifudi, goti likachubuka. "Mama!" ukalia. "Mama!" Nilijua unamwita nani. Nilikuwa jikoni, na miguu ilinipeleka mpaka mlangoni kabla sijaiamuru. Mkono ulikuwa kwenye komeo.

Pale kwenye ubao kuna ufa. Nilichungulia. Ulikuwa umekaa kwenye vumbi, nywele zimelowa maji ya ziwa, unautazama mlango. Mama yako alikuwa amepiga magoti pembeni yako, mikono ameinyoosha nusu, haijafika. Naye alikuwa anautazama mlango. Wote wawili mlikuwa mnanisubiri nitoke.

Sikutoka.

Nililishika lile komeo kwa mikono miwili, nikaweka paji la uso kwenye ubao. Uliita, ukaita. Ulipoona Mama haji ukajaribu jina ambalo Baba ananiita kwenye simu. "Tabita! Tabita!" Hujawahi kuniita hivyo. Ulidhani pengine hilo ndilo litafungua. Niliuma kanga yangu nisiitikie.

Halafu nikamsikia Ester. Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu mwenye mtoto, "Hebu nione hilo goti." Ulilia tena kidogo, kwa hasira sasa. Kisha ukapunguza. Nilipoinua macho kwenye ule ufa alikuwa amekunyanyua, uso umeuficha shingoni mwake, na mkono wako mmoja umemshika sikio, kama unavyofanya ukitaka kulala. Alikuwa anatembea na wewe huku na huku uwanjani, hakuwa anatetemeka hata kidogo.

Huenda utasahau nyumba hii, na mawe, na kuku, na sura yangu. Sitakulaumu. Lakini nimesikia kwamba kuna vitu mwili unavishika hata kichwa kikivisahau, na naogopa usije ukabaki na kimoja tu: kwamba kulikuwa na siku uliita, na aliyekuwa akija siku zote hakuja. Kama kimebaki hicho, basi soma hapa. Nilikusikia. Nilisikia kila mara ulipoita, na majina yote mawili. Nilikuwa nyuma ya mlango, mwanangu, karibu kiasi cha kukusikia unavyovuta pumzi, na tangu nizaliwe sijafanya jambo gumu kama kuuacha mlango ule umefungwa.

Tabitha